Lita Tatu na Kidogo

Hansa aliuliza kama mtu anayenunua ndoo:
"Kitakaa muda gani?"
Lehemu mkononi, moshi machoni,
nikamjibu ninavyowajibu wote hapa Makoroboi:
bati la debe, miaka mitano ukilikinga mvua;
alumini kumi, haishiki kutu ila inabonyea;
shaba, dada, shaba itatuzika wewe na mimi.
Neno likanitoka kabla sijalishika.

Hakukasirika.
Akaweka juu ya fuawe sinia la shaba la duka la baba yake,
mzee Jayantilal aliyetukopesha misumari,
sinia lenye mikwaruzo ya sarafu za miaka arobaini.
"Tumia hili. Kaka yuko njiani, anatoka Lesta.
Ni wiki mbili tu."

Mtu ni lita ngapi?
Niliona haya kuuliza, akasema mwenyewe:
lita tatu na kidogo.
Mimi niliyekata vipimo vya soko zima
sikujua kwamba sado moja ya dagaa
inamzidi mzee Jayantilal.

Mama yangu tulimlaza Misungwi ndani ya mbao.
Mchwa walikuwa na haraka kuliko sisi.
Msalaba ulianguka msimu wa pili,
na sasa kaburi tunalijua kwa hatua:
kumi na nne kutoka kwenye mkonge,
kama mkonge ni uleule.

Nikakata, nikakunja, nikagonga usiku.
Shaba haiozi. Kinachoachia ni kiungo.
Na chini, pale ukingo unapokutana na kitako,
lehemu ilinipungukia,
duka limefungwa, kazi inatakiwa alfajiri.
Nikaipaka nyembamba. Nikapiga msasa. Nikanyamaza.
Wiki mbili, nilijiambia.

Wiki mbili zikawa masika.
Simu ya kaka ikasema mwezi ujao,
ikasema likizo,
kisha ikasema mtandao mbaya.

Mwezi wa nane Hansa akapanda kivuko cha Kamanga peke yake.
Katikati ya maji akainama juu ya chuma.
Abiria wakadhani anatapika;
mama mmoja wa Sengerema akampa ndimu.
Alinisimulia hayo huku ndimu bado anayo,
haijakatwa, imeanza kukauka.

Akanirudishia chombo, kimeoshwa.
"Fundi Lushinge, kazi yako imedumu
kuliko neno la kaka yangu.
Kifanye chochote. Faneli, koroboi."

Sikukifanya chochote.
Kipo rafuni kati ya machujio na makarai ya kukaangia,
wateja wanauliza bei, nawaambia hakiuzwi.
Shukrani zake nimezipokea na kuzikunja,
sijui niziweke wapi.

Kila Jumatatu, kabla majirani hawajafungua,
nakijaza maji hadi shingoni,
nakisimamisha juu ya gazeti kavu,
nasubiri chai ichemke.
Naliinua gazeti, nalishika kwenye mwanga.

Bado halijalowa.