Kijiko cha Sita

Julai imeikaba Plovdiv kooni.
Lami inanata viatuni, paka wa jirani
kajitandaza ngazini kama tambara bichi.
Rositsa kaletewa ndoo ya pichi zilizopondeka,
zile ambazo soko limezikataa.
Anamenya, anakata penye jeraha,
maji yake yanamchuruzika hadi kiwikoni.

Kalibu hana, wala vijiti.
Ana vikombe vya mtindi vilivyooshwa
na vijiko sita vya arusi yake
ambavyo havijawahi kukoroga chai ya mgeni yeyote.
"Basi leo vifanye kazi."
Asali, ndimu, chumvi ya ncha za vidole viwili.
Uji wa pichi ukishika, chomeka kijiko. Kisimame.

Kalin, miaka saba, anafungua friza.
Anafungua tena.
"Mvumilivu hula mbivu, mwanangu."
"Mbivu zimejaa ndoo, mama. Nataka zilizoganda."

Usiku, kibarazani, hakuna anayesema.
Ni ndimi tu.

Tano zimekwisha.
Ya sita kaifunga kwa karatasi, kaiandika: Ognyan.
Huyo yuko na lori lake, mahali fulani Ujerumani.

Karudi Novemba, theluji mabegani.
Kaila kando ya jiko, koti hajalivua,
meno yanamuuma, machozi yanamlengalenga,
anataka kuuliza walishindaje na joto lile
na Kalin anamkatiza:
"Lamba kwanza. Inadondoka."

Vijiko vitano vimerudi kwenye boksi la mahameli.
Cha sita kinakoroga kahawa yake kila asubuhi.
Kimepinda kidogo shingoni.