Nukta ya Kurejea

Kibaigwa, mwisho wa Agosti.
Malori ya mahindi yamejipanga hadi kwa muuza matairi,
upepo unaleta pumba mpaka kwenye kibodi.
Mama Sechelela ameingia na kompyuta ndani ya kiroba,
akaiweka mezani, akapangusa mfuniko kwa ncha ya kanga.
"Inawaka, inazima. Inawaka, inazima.
Na madeni ya msimu mzima yamelala humo."

Nikamwambia asihofu.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki,
lakini wahenga hawakuwahi kukalia kiti hiki.
Mashine hujiwekea akiba kimyakimya,
kama mwanamke anayefunga noti kwenye pindo la kanga:
siku fulani nilikuwa mzima, nilikuwa hivi.
Sisi tunaitafuta siku hiyo.

Ikaja orodha. Tarehe mbili tu.
Pili Agosti: ukirudi hapo, inaondoka programu ya printa.
Kumi na moja Julai: inaondoka ya printa,
na nyingine, ya kuunganisha midundo,
iliyowekwa saa nane usiku.

Akasogeza kiti. "Hiyo ya usiku ni ya Ndahani.
Ng'oa hiyo. Ndiyo iliyoniharibia chombo.
Nilimwambia hivyo, na mengine nikamwambia."
Hayo mengine hakuyataja.
"Akabeba begi. Wiki ya nne hii."

Nikauliza, printa ilifungwa na nani?
"Mimi. Nilinunua Dodoma, ya kutolea risiti.
Kijana wa duka akanielekeza kwa simu."

Fundi aliyenifunza alikuwa na sheria moja:
rudi hatua fupi kwanza.
Usivunje ukuta kwa kutafuta sisimizi.
Nikabonyeza pili Agosti.
"Na daftari langu la wadeni?"
Haliguswi, mama. Wala picha, wala barua.
Kinachorudi ni mfumo,
ulichoandika kinabaki ulivyokiandika.

Kisha ule mstari, unaokwenda kama kobe mwenye mimba.
Usizime, kioo kilisema, usizime,
nami nikaitazama taa ya dukani, nikaitazama nguzo ya umeme,
maana hapa kwetu umeme hauombi ruhusa.
Theluthi. Nusu.
Nje mtu anahesabu magunia kwa sauti, amekosea, anaanza upya.
Mama Sechelela ameshika ukingo wa meza
kama anayezuia kitu kisibingirike.

Ikazima.
Ikawaka.
Ikabaki imewaka.

Tukangoja dakika kumi, tukaongeza kumi nyingine.
Daftari likafunguka: wadeni wote, hakuna aliyesamehewa.
Na pembeni, ile programu ya usiku,
haijang'olewa, haijakosa lolote.

Sikusema neno. Kazi yangu ni mashine.
Yeye ndiye aliyesema, polepole, kama anayesoma mizani ya mtu mwingine:
"Kwa hiyo ni printa."
Ni printa, mama.

Akaomba nifungue faili moja, yoyote.
Ikatoka ngoma nzito, kisha sauti ya mwanamke:
*kilo mia na nne, andika; kilo tisini na nane, andika;*
ngoma; *andika;* ngoma; *andika, andika.*
Alimrekodi mama yake sokoni, akiwa kwenye mzani,
akamgeuza kiitikio.

Hakulia. Alicheka kidogo, kwa pua,
akasema, "Tisini na nane? Gunia lile lilikuwa la mwizi."
Akatoa simu, akapiga. Yule dada wa mtandao
akamjibu kwa heshima zake zote kwamba hapatikani.
Akapiga tena.

Nimerudisha mafaili elfu kadhaa mahali pake asubuhi hii.
Chini kulia, kwenye kona ya kioo, saa haikurudi popote:
ishirini na tisa Agosti, saa sita na dakika nne.
Na tano.
Akalipa, akabeba mashine mkononi, akasahau kiroba.
Mlangoni akageuka: "Printa ile,
kama kuna mtu unamchukia, nitamuuzia."