Kiti cha Pili, Januari

Oktoba nililiziba dirisha kwa mikono yangu,
utepe wa gundi pande zote nne,
maana Ulaanbaatar baridi haibishi hodi.
Sasa ni Januari. Hewa ya chumba hiki
imeshapita vifuani mwetu na kurudi,
ya daktari, yangu, ya wagonjwa kumi na wanne,
vumbi la meno yaliyokerezwa,
harufu ya karafuu na mpira wa glovu.

Rafuni kuna kisanduku cheupe
kinachohesabu tunachovuta: namba ya pumzi juu,
ya moshi chini.
Asubuhi pumzi ni mia saba. Saa sita mchana, elfu moja mia tisa.
Ikiwa nyekundu nakigeuzia ukutani,
kama mtu anavyoigeuza picha ya mkwe anayemdai.

Kompyuta ya Daktari Khorolmaa haigeuzwi.
Unaipa eksirei, na kabla hujavua glovu
akili mnemba imeshachora visanduku vya njano:
hapa pameoza, hapa panaelekea, hapa nina shaka.
Inatoa asilimia. Haikohoi.
Mwaka wa kwanza tulibishana nayo kama shemeji;
wa pili tukaanza kuiuliza hata tuliyoyajua.

Leo kiti cha pili yupo Nomundari, miaka mitano,
ameletwa na bibi yake, Tserendolgor,
kutoka mitaa ya mahema kule kilimani.
Koti linanuka makaa hadi kwenye vifungo.
Meno manne ya mbele, juu. Visanduku vinne.
Tisini na moja. Themanini na nane. Sikusoma mengine.
Peremende, nikasema moyoni.
Bibi akawa kama amenisikia:
"Kwetu sukari ni ya wageni,
na baridi hii wageni hawaji."

Khorolmaa hakuitazama skrini.
Alimtazama mtoto anavyosubiri,
mdomo wazi kabla hajaambiwa afungue.

"Unalalaje?"
"Hivi."
"Na pua?"
"Imeziba tangu theluji ya kwanza."

Basi.
Mate ndiyo mlinzi wa usiku wa jino,
na mlinzi huyu anakaushwa hadi alfajiri
na pumzi inayopita mlango usio wake,
kwa sababu mlango wake umezibwa na moshi
wa jiko lenye bomba lililopasuka.
Mashine iliyaona matundu. Iliyaona kweli,
hata lile dogo ambalo jicho langu lingelipita.
Siidharau.
Ila picha inaanzia mdomoni na kuishia tayani,
na jiko limebaki nje ya picha.

Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wahenga,
nao hawakuwahi kuona eksirei.
Khorolmaa akaziba mawili, mengine wiki ijayo,
kisha kwenye karatasi ya dawa akaandika:
bomba jipya la jiko, mita mbili.
Bibi akaisoma, akaikunja,
akauliza ni duka gani la dawa.
Hatukucheka.

Walipotoka nikakigeuza kisanduku:
elfu mbili na mia moja.
Nikachukua kisu, nikauchana utepe wangu wa Oktoba.
Dirisha likalia. Baridi ikaingia,
na nyuma ya baridi, moshi wa kilima kizima,
pengine na wa jiko lile lile.
Namba ya juu ikashuka, ya chini ikapanda.
Ndani tunavutana sisi kwa sisi;
nje tunalivuta jiji.
Nikasimama, mkono kwenye komeo,
nikihesabu dakika kama anayechemsha yai,
nikafunga.

Jioni, kujaza faili.
Palipoandikwa *chanzo* nikaandika: jiko.
Kompyuta ikasita kidogo,
ikauliza kwa adabu zake:
*jino la ngapi?*

Nikaandika tena.