Besi Hushuka

Nguruka, saa tisa ya usiku, treni ikashusha pumzi ikasimama,
na Mwalimu Lusasi akashuka amejifunika kitenge cha mkewe,
meno yakigongana kama njuga.
Malaria haingoji ziara iishe.
Aliniachia daftari la mahudhurio, kopo la hela,
na maneno matatu dirishani:
"Besi hushuka. Wavute."
Kisha, behewa likiwa limeshaanza kutikisika:
"Na Mayunga asiguse kopo!"

Basi. Hakuna aliyenisimika,
sikuwekewa mkono kichwani,
sikupewa hata filimbi.
Nilikuwa Nyamizi wa sauti ya pili,
yule wa Cheyo anayechelewa mazoezi
akiwa na alama ya kata kichwani na kisingizio cha bomba.

Malagarasi ilipita gizani, nikisikia tu daraja
likihesabu magurudumu. Nami nikahesabu:
thelathini na mmoja. Thelathini. Thelathini na mmoja.
Mihayo alikuwa chini ya kiti
amekumbatia kinanda kama mtoto mgonjwa.
Nilimhesabu kwa mguu.

Uvinza walipanda wanawake wa chumvi.
Shija, miaka kumi na mitano, nilimkabidhi maji:
madumu matatu, kikombe kimoja, na ule mdomo wake.
Kabla ya Kazuramimba alikuwa ameshakuwa mama wa watu.
"Nusu kikombe. Kiu ya kweli bado haijaamka."
Hata Mayunga alikunywa nusu, akashukuru.

Ila Kalunde.
Kalunde ndiye huanza peke yake, beti mbili nzima,
sisi nyuma tukishika pumzi tusije tukamwagia maji.
Usiku kucha alikaa kichwa nje ya dirisha,
akiufanyia upepo mazoezi,
na jua lilipotukuta Luiche
sauti ilimtoka kama mlango wa ghala la tumbaku.

Tangawizi. Asali yetu ya Tabora. Chumvi ya Uvinza kwenye maji ya moto.
Nyuma ya kanisa, pale Mwanga, nikamwambia aimbe do.
Akaimba.
Tukatazamana.
Tumelalia mkeka mmoja tangu darasa la pili,
najua upande anaogeukia akiota.
"Leo ataanza Shija," nikasema,
nikitamani neno hilo limtoke mtu mwingine,
mchungaji, mpiga kinanda, hata spika.
Akafungua vifungo vya joho kimoja kimoja,
akalikunja, akanipa.
"Sawa, Mwalimu."
Mwalimu!
Afadhali angenitukana.

Watu walijaa hadi madirishani,
wa Gungu, wa Katonga, wa Ujiji waliokuja kwa miguu,
wananukia sabuni ya mawese, na mmoja ana migebuka mfukoni
wa kupeleka nyumbani ibada ikiisha.
Nikawapa mgongo.
Nikatoa sauti: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.
Magoti yangu yalikuwa na wimbo wao.

Shija akasogea mbele. Akaanza.
Hakunitazama mimi hata mara moja,
macho yake yalipita juu ya bega langu
yakatua mahali na kung'ang'ania pale.
Ubeti wa pili, mstari ule mrefu
unaommaliza kila mtu pumzi, hakuyumba.
Nikaiba jicho nyuma.

Benchi la kwanza, katikati ya wazee wa kanisa,
Kalunde, hana joho, hana sauti,
anafumbua na kufumba mdomo,
kila neno, kila pumzi mahali pake,
na Shija anamsoma midomo
kama mtu anayefuata taa.

Kisha besi wakashuka.
Nikawavuta: kwa kiganja, kwa nyusi, kwa kisigino.
Hawakufika juu kabisa. Walikaribia.

Jioni simu ikashika mtandao kwenye kilima.
"Besi?" aliuliza Mwalimu, sauti nyembamba ya kwinini.
"Walishuka."
"Ukawavuta?"
"Tuliwavuta."
Akanyamaza, nikasikia kitanda cha zahanati kikilalamika.
"Na kopo?"
"Analo Kalunde."

Bado hajanisemesha.
Lakini ameshazihesabu mara mbili,
na amemnyima Mayunga.