Pima Maji

Mwalimu Tusekile alikuja Mwanjelwa mwezi wa sita,
baridi ya Loleza imeng'ata chuma cha randa,
akasema, "Nataka stendi."
Nikamwambia stendi ya mabasi iko Nanenane.
Hakucheka. Alitoa kamba yenye mafundo matatu:
huu urefu, huu upana,
hiki kimo cha macho yangu nikiwa nimekaa.
"Ya kubeba nini?"
"Maji. Lita mia tano. Na samaki wachache."

Nimetengeneza vitanda, madawati,
milango ambayo wenyewe walishahama,
majeneza, hayo sihesabu.
Kitanda hubeba wawili, nao asubuhi hushuka.
Jeneza hubeba mmoja, mara moja,
na watu hulisaidia.
Maji hayashuki. Hayaendi shambani.
Yatakaa palepale usiku na mchana
yakitafuta ulipofanya haraka.

Nilipiga hesabu ukutani kwa mkaa:
lita kilo, lita kilo,
na kioo chenyewe, na mawe.
Magunia matano ya viazi vya Uyole, yale ya lumbesa,
yamepandana sebuleni
na mtu anakunywa chai mbele yake.

Paina ya Mafinga niliikataa. Ilikuwa mbichi,
ukipiga msumari inatoa machozi,
ikikauka inajipinda kama mtoto anayekimbia dawa.
Nikashusha mkaratusi uliolala darini miaka miwili,
nikakata miguu sita, si minne,
nikachonga ulimi na tundu
ili boriti ikalie mguu, isining'inie kwenye skrubu.
Kijana wangu Asajile akauliza kwa nini tusipigilie tu.
Msumari hushika, nikamwambia. Haubebi.

Kule Forest, nikalaza pima maji sakafuni.
Kiputo kikakimbilia dirishani,
kikakaa huko.
Nikakigeuza kifaa. Kiputo kikaenda kulekule.
Mteremko si mkubwa,
unene wa sarafu, labda sarafu mbili ukifika mlangoni.

Sakafu hii aliimwaga kaka yangu Ambakisye
mwaka ambao mimi nilimpelekea zege kwa ndoo.
Jioni alilaza ubao, akafumba jicho moja,
akasema, "Maji yakimwagika hapa hayatajua pa kwenda."
Jeneza lake nililipima mara mbili.

Mwalimu akauliza, "Kuna tatizo?"
Nikasema hakuna.
Nikachonga kabari za mninga, nyembamba kama ukucha,
nikazisukuma chini ya miguu ya upande wa mlango,
nikazipaka rangi ya sakafu.

Tulijaza kwa ndoo, ishirini na tano, tukihesabu kwa sauti.
Kila ndoo tano niliweka sikio kwenye boriti.
Ya kumi na nane, mkaratusi ukasema neno moja: ta!
Mwalimu akanitazama.
"Unakaa," nikasema,
"kama mgeni kwenye kiti asichokizoea."

Samaki walifika na basi kutoka Matema,
kwenye mifuko iliyojazwa hewa,
wa buluu, wenye mistari,
wakali kama ndugu wanaogawana shamba.
Kwao ni huko, yeye na samaki.
Magoti yake hayateremki tena.
"Wanasema maji hayapandi mlima," akasema,
akavuta kiti, akakaa,
macho yakafika pale fundo la tatu liliposema.
Umeme ukakatika.
Akaleta blanketi la kitandani kwake,
akalifunika ziwa mabegani.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti,
tochi mdomoni,
nikiutazama mstari wa maji kwenye kioo:
kushoto, kulia, kushoto tena.
Miaka thelathini naita kifaa hiki pima maji
na sikuwahi kukipelekea maji.

Nusu ya hela nitaifuata Jumamosi.
Nitaangalia na zile kabari.