Gololi

Ghalani Wete, saa nne usiku.
Raya Shaame amemwaga karafuu laki mbili
ndani ya kioo cha kompyuta,
wala haikuanguka hata moja sakafuni.
Faneli ambayo bado haijachomelewa
inazimeza zote, laini, kama maji ya birika.

Faki, mpiga nyundo wa faneli kuukuu,
anatazama, anatafuna konyo.
"Hizi gololi, mwanangu.
Karafuu ina kichwa, ina guu. Hushikana."

Hajibu. Anaokota moja, anaipima kwa rula ya chuma,
anaichora upya, kichwa na guu,
anazimwaga tena.

Karibu na alfajiri zinasita.
Mdomoni mwa faneli zimejenga daraja,
kila moja imemkumbatia mwenzake,
na chini yake utupu mweusi.

Faki anaweka kidole kwenye kioo,
pale pale apigapo nyundo, mwaka wa kumi na tisa huu.
"Hapa."

Raya anaupanua mdomo, anazisimamisha kuta.
Zinashuka.

Faki anakitazama kiganja chake, kile chenye sugu,
kisha dirisha: wingu la vuli
juu ya majamvi yaliyoanza kutandikwa.
"Na zikirowa?
Mashine yako inaijua mvua?"