Soksi za Koplo Mbazi

Nimeanzisha vita ndani ya kaunta buku,
mchana nikipima magunia kwenye kinu cha kahawa,
usiku nikihamisha majeshi kwa kalamu ya buluu.
Nchi zote mbili nimezibuni, hazimo ramanini,
ila mto wa kuzitenga nimeuazima:
ni Karanga, pale chini ya daraja,
wanapofulia mazulia Jumamosi.

Ukurasa wa kumi, redio za mpakani zinanyamaza.
Wa thelathini, umeme unakatika miji saba kwa mpigo.
Wa hamsini, vifaru vinavuka alfajiri,
na Kibo, ambacho sikukibadili jina,
kinatoka mawinguni kutazama.
Nilijiona jenerali. Chai ilipoa, nikainywa hivyo hivyo.

Nikampelekea Aikande, pale Memoria,
anayeuza buti za mtumba,
maana nilisikia zamani alikuwa mtu wa redio, jeshini.
Wapi, hasemi.
Alilipokea daftari kama anavyopokea kiatu:
akaligeuza, akatazama soli.

Wiki tatu.
Likarudi na alama za vidole, harufu ya kiwi,
na penseli pembezoni, herufi kubwa, kavu, za telegramu:

KIFARU HAKIVUKI HAPA MWEZI WA NNE. KITAZAMA. NGOJA JULAI.
BUTI JIPYA, KILOMITA AROBAINI, USIKU MMOJA? HUYU HANA MIGUU.
HAPA NANI KAPIKA?
MBONA HAKUNA ANAYENGOJA? SIKU SITA TULINGOJA LORI LA UNGA,
RISASI ZILILIA DAKIKA NNE.
SOKSI. KITABU KIZIMA HAKUNA SOKSI.

Nilikasirika. Nikasema moyoni, muuza viatu huyu,
kwake dunia yote inaishia kwenye kifundo.

Kisha ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Koplo Mbazi kapigwa handakini,
nami nimempa mistari kumi na minne ya kufia:
anaitaja bendera, anamtaja mama,
anamsamehe aliyempiga,
anafumba macho pale pale inapotua nukta.
(Niliulilia ukurasa huo. Nikajipongeza kwa kuulilia.)
Penseli ilipita juu ya yote, mstari mmoja, haukutetemeka,
na chini yake, kwa herufi ndogo sasa, za mkono wa nyumbani:

*Alisema, nani kachukua kijiko changu.
Basi.*

Jumanne nilirudi Memoria,
nikanunua buti nisizozihitaji, namba saba, za kijani.
Nilikuwa na swali. Lilikaa mdomoni kama pipi,
likayeyuka.
Aikande akazifunga kwa gazeti.
"Kitabu kizuri," akasema, "kimeninyima usingizi.
Ila umemwua upesi.
Mpe siku moja. Hata ya kufua tu."
Mteja akafika, wakaanza kuvutana juu ya elfu mbili.

Usiku huo mvua ilipiga bati zote za Pasua.
Nikauchana ukurasa wa mia na kumi na moja,
nikasimamisha vita.
Vifaru vikazima injini kwenye matope yao ya Aprili.
Majenerali nikawaacha na simu zisizoita.
Mbazi kaketi juu ya jiwe mtoni, suruali kaikunja,
anafua soksi, jozi moja, ndiyo aliyo nayo,
kidole gumba kinachungulia tunduni.
Kipande cha sabuni kinamponyoka,
anakifukuza majini kama mtoto na kuku,
anateleza, anatukana, anacheka peke yake.
Aya tatu, na hakuna kinachotokea.
Sijawahi kuandika kitu kwa hofu kama hiyo.

Mchapishaji anataka mwisho kabla ya Ijumaa.
Najua ukurasa unaofuata, nimeshauona,
najua hata kijiko kiko kwa nani.
Lakini jua la huko nimelining'iniza juu ya mwamba,
dogo, la uvivu, halina haraka na mtu,
na soksi, nimezigusa sasa hivi,
bado mbichi.